Tanbihi ya Sura ya Sita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeheshimiwa. Niandike haraka kabla mke wangu hajarudi na kunirudisha saizi yangu.

Profesa kaniita kwake. Yule aliyenifundisha, akanisimamia tasnifu, akanipigia debe nikapata kazi, na ambaye mpaka leo ananiita "kijana" ingawa nina miaka arobaini na saba na nywele zimebaki pembeni tu, kama ukingo wa zulia. Enzi zetu tulimbandika jina la Nukta. Kila akimaliza hoja alisema "Nukta!" na hakuna aliyethubutu kuongeza hata mkato. Amestaafu siku nyingi. Amemaliza kitabu, cha mwisho anasema, kuhusu familia katika riwaya na tamthilia za Kimarekani za kisasa. Mchapishaji kakubali. Kazi yangu ni kusoma mswada, kunyoosha marejeo, kukamilisha tanbihi, kisha kuupeleka kwa mhariri Ijumaa ya wiki ijayo.

"Nimekuchagua wewe," kasema, "kwa sababu wengine wote hawana akili."

Kichwa kilivimba, nusura nikwame mlangoni.

Jambo moja dogo. Akinikabidhi bahasha aliigonga kwa kidole. Sura ya sita ndiyo roho ya kitabu, akasema. Inahusu *Pasi ya Mvuke*. "Unaikumbuka *Pasi ya Mvuke*, bila shaka."

Sijawahi kuisikia.

"Mwalimu!" nikasema. "Nani asiyeikumbuka!"

Sasa kwa nini nilisema vile? Mdomo ulitoka mbio, akili ikabaki nyuma inafunga kamba za viatu. Lakini ningesemaje? Mimi ndiye Mtaalamu wa Tamthilia ya Kimarekani. Imeandikwa mlangoni kwangu. Niliiandika mwenyewe.

Alinikaribisha chai mara mbili. Nilikunywa zote mbili. Akaniuliza baba hajambo? Baba alishafariki, na Profesa mwenyewe ndiye aliyetoa neno makaburini. Nikasema hajambo, anakusalimu. Uzee tu. Na mimi husahau funguo.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma sura ya sita nikiwa nimesimama. Niliichukua nikisubiri maji yachemke — maji yakachemka, yakakauka, sufuria ikaungua. Mke wangu atauliza. Nitasema ni utafiti.

Ni nzuri! Lo, ni nzuri kupita kiasi! Sura tano za mwanzo ni za profesa: dhana, nadharia, fulani alisema, fulani akampinga. Ya sita ni ya mtu. Inatoka jasho.

Tamthilia yenyewe, kama anavyoieleza: Mwanamume mgeni anafanya kazi katika duka la dobi, mji wa baridi, Marekani. Mchana anasoma chuo, jioni anapiga pasi mashati ya watu. Siku moja anapata habari kwamba bintiye mdogo amefariki huko nyumbani kwao. Anasimama. Anasoma habari ile tena. Halafu anachukua shati linalofuata. Haendi. Hiyo ni sehemu ya pili. Sehemu ya tatu ni miaka baadaye, amesharudi kwa mke wake. Mke anapiga pasi mashati yake, moja baada ya jingine, na mume anaongea, anaongea, anaeleza kwa nini hakuja. Mke hasemi hata neno moja. Taa zinazimwa.

Hoja ya Profesa: ule ukimya ndio msamaha. Mke ni hakimu aliyekataa kuhukumu. Nukta.

Mimi nimeandika tasnifu nzima juu ya ukimya katika tamthilia za Kimarekani. Kurasa mia tatu na ushee! Na tamthilia hii ilinipita wapi? Nimeona aibu peke yangu jikoni, mimi na sufuria nyeusi.

Tanbihi ya sura hiyo, mahali pa mtunzi, mwaka na mchapishaji, ina maneno mawili: *Kijana atajaza.*

Jumatano, 5 Machi

Mtu mwenye busara angeenda maktaba kwanza.

Nilikuwa na mhadhara asubuhi, mwaka wa tatu. Mada yenyewe kavu, wanafunzi wanasinzia, mmoja anakata kucha. Nikasikia sauti inasema: "Chukulia, kwa mfano, *Pasi ya Mvuke*." Sauti yangu.

Jamani, wakaamka! Nikawasimulia sehemu ya pili. Kucha zikaacha kukatwa. Nikawasimulia ya tatu, darasa likawa kimya kama lenyewe liko jukwaani. Basi nikapanda mori. Nikasema katika maonyesho mengi taa ya sehemu ya tatu huwa ya bluu. Ya bluu! Nimeitoa wapi? Hata Profesa hakuandika taa yoyote. Nikasema bluu hiyo ni rangi ya mvuke wa huzuni. Wakaandika. Niliwaona wakiandika.

Yupo binti mmoja mstari wa mbele, tunamwita Maswali. Akanyoosha mkono. Mwalimu, kitabu tukipate wapi?

Nikamwambia kimeadimika.

Kimeadimika kiasi gani?

Nikatazama saa nikasema tuishie hapo.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu wa idara kanisimamisha kwenye korido, mkono begani. Amesikia kutoka kwa wanafunzi kwamba nimeanza kufundisha *Pasi ya Mvuke*. Hongera! Amefurahi sana, maana idara imezembea mno na kazi kama hizo. Yeye mwenyewe aliiona jukwaani zamani akiwa masomoni ng'ambo.

"Uliiona?" nikauliza.

"Ndiyo bwana! Ile taa ya bluu!" Akafumba macho. "Siisahau."

Nimerudi ofisini nikakaa chini. Mlango wangu haufungi vizuri, kwa hiyo nimecheka ndani ya sweta.

Anataka iingizwe kwenye mtaala mwaka ujao.

Jumatatu, 10 Machi

Mwisho wa wiki nzima nimetafuta. Kila orodha, kila hifadhi ya mtandaoni. Profesa ameandika jina kwa Kiswahili tu, nikadhani labda ni tafsiri yake, basi nikalirudisha kwa Kiingereza kila namna inavyowezekana: pasi, mvuke, dobi, shati, jasho, joto, moto. Nimepata mashine za kufulia. Nimepata tangazo la pasi yenye punguzo la bei. Kompyuta sasa inaniletea pasi kila nikifungua barua pepe.

Leo nimekwenda kwa mkutubi wetu. Mama mkali, mwenye miwani ya kamba. Kanipa asubuhi yake yote. Akaandika na kwa wenzake huko Marekani, wakajibu kabla ya saa kumi: wanasikitika, hakuna kitu kama hicho, tungewapa jina la mwandishi?

Mkutubi akavua miwani. Kama haipo kule, haipo, kaniambia. Na kwa nini wanafunzi wako saba wamekuja kuiulizia?

Nyumbani nikamwambia mke wangu yote. Yeye anafundisha hesabu sekondari. Alicheka mpaka akaegemea jokofu.

"Kwa hiyo Dokta umefundisha kitu ambacho hakipo."

"Huenda kipo."

"Sisi tuna sifuri, lakini tunawaambia watoto kwamba ni sifuri. Hatuiwekei taa ya bluu."

Baadaye, akipangusa vyombo, akauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Na mzee wako, yeye kaitoa wapi?"

Sikuwa nimejiuliza. Siku zote nilikuwa nahangaika na aibu *yangu*. Mhakiki mzima, na swali la kwanza la uhakiki kaliuliza mwalimu wa hesabu akiwa na kitambaa cha vyombo mkononi.

Jumanne, 11 Machi

Mhariri kapiga simu. Sauti laini, ya kistaarabu, inayokubana bila kukugusa. Amesoma rasimu ya sura ya sita aliyotumiwa mwanzoni na Profesa. Amelia kwenye basi. Anataka kuitoa mapema katika jarida lao ili kukitangaza kitabu. Kinachokosekana ni tanbihi moja tu.

"Naimalizia," nikasema.

"Una nakala ya tamthilia?"

"Ipo… mahali."

Mahali! Hapo sikudanganya, naona.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Profesa nikiwa na hotuba kichwani. Nimerudi bila hotuba. Sijui hata nianzie wapi.

Mama ndiye aliyefungua. Yaani mkewe Profesa, lakini sote tuliosoma kwake tunamwita Mama. Alikuwa mkunga, amestaafu naye. Profesa kalala, akasema, nimsubiri. Akaniweka meza ya kulia. Alikuwa anapanga vidonge kwenye kile kikebe chenye vyumba vya siku za wiki. Vidonge vingi. Nikatazama dirishani ili nionekane sitazami.

"Tazama tu, mwanangu," akasema. "Daktari alituambia mwaka jana. Kumbukumbu zinaondoka, zilizobaki zinachanganyika. Yeye ameshasahau kwamba tuliambiwa. Bahati yake."

Nikasema pole, Mama. Nikasema kitabu ni kizuri sana. Mtu akikosa la kusema husifia kitabu.

"Vitabu vyake vyote kaandika ukurasa wa mbele kwamba ni kwa ajili yangu," akasema. "Mimi huwa nasoma huo ukurasa wa mbele, basi. Hiki kinasemaje?"

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa bado natafuta mlango wa kuingilia, nikaanza kumweleza sura ya sita. Kuna tamthilia moja ya Kimarekani, nikasema. Kuna mtu katika duka la dobi.

Mkono wake ukasimama juu ya Alhamisi.

Nikaendelea. Nilikuwa nasimulia vizuri, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia kusimulia. Baridi. Mashati. Habari za mtoto. Nilipofika "anachukua shati linalofuata" nikamtazama usoni.

"Lilikuwa duka la Mgiriki," Mama akasema. "Alinieleza kwenye barua. Mvuke ulikuwa unamchoma hapa." Akajishika kifundo cha mkono. "Kovu lipo. Hujaliona?"

Nimelitazama kovu lile tangu nina miaka ishirini na moja. Nilidhani ni la chai.

Mtoto alikuwa wao. Wa kwanza, kabla ya wale wawili tunaowajua. Homa, siku chache tu. Profesa alikuwa mwaka wa pili wa masomo. Hakuja. Nauli, mitihani, viza, sijui. Mama hakutaja sababu hata moja, mimi ndiye ninayemtafutia.

Nikamuuliza — kwa nini niliuliza? — kama ni kweli kwamba aliporudi Mama alinyamaza.

Akaniangalia kama vile nimesema kitu kwa lugha ya kigeni.

"Nani kanyamaza?"

"Sura inasema mke… ule ukimya… kwamba ni msamaha."

"Mimi?" Akacheka, cheko fupi, halina furaha wala ubaya. "Nilipiga kelele mpaka majirani wakaingia ndani. Nilimrushia pasi. Ile ya mkaa! Ikapita hapa, ikatoboa mlango. Na sikusamehe, mwanangu. Nilizoea. Ni vitu viwili tofauti."

Kurasa mia tatu na ushee juu ya ukimya. Nilitaka kuingia chini ya kitambaa cha meza.

Nikasema basi, Mama, nitaiondoa sura. Nitamwambia mhariri tumeighairi, hakuna atakayejua. Nilidhani namsaidia. Akafunga kikebe, tap, tap, tap, siku zote saba.

"Usiiondoe."

"Lakini Mama, tamthilia haipo."

"Tangu arudi hajamtaja yule mtoto. Hata mara moja. Mimi nikimtaja, anatoka nje. Watoto wetu hawa wamejua kwa shangazi yao. Leo unaniambia amemtaja, amemwandika, kurasa…"

"Ishirini na tatu."

"Kurasa ishirini na tatu! Kwa kupitia kwa Wamarekani, sawa. Usiiondoe. Ila hapo mwisho pametiwa uongo. Pasahihishwe."

Ndipo Profesa akaamka. Akaja na soksi mguu mmoja, akafurahi kuniona, akaniuliza baba hajambo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwandikia mhariri barua tatu.

Ya kwanza inasema ukweli. "Tamthilia inayojadiliwa haipo." Nikaisoma. Mstari mmoja tu na kazi ya maisha ya mtu imelala chali. Watapekua vitabu vyake vyote vya nyuma, kila tanbihi. Watasema na ile nyingine je?

Ya pili inasema sura iondolewe kwa sababu za kitaaluma. Sababu zipi? Nimeandika "za kitaaluma" mara nne katika aya moja. Harufu yake inafika barabarani.

Ya tatu… Ya tatu haina haja ya barua. Kujaza tu. Mtunzi fulani, mwaka fulani, mchapishaji aliyefilisika. Nilikaa nikatunga jina la Mmarekani. Nililifurahia! Nikampa na herufi ya katikati. Halafu nikaona nilivyo: mtu anayewafukuza wanafunzi mtihani kwa kubuni marejeo.

Nimezifuta zote tatu.

Maswali kaja ofisini. Hajakipata popote. Nikamwambia aandike insha kuhusu ugumu wa kukipata. Kaniambia mwalimu, hilo si jibu. Nikamwambia ndiyo, si jibu. Akatoka akiwa kaniheshimu kidogo zaidi, nadhani, au kidogo pungufu. Sijawahi kujua kusoma nyuso. Karatasi tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mhariri kapiga. Sikupokea. Kapiga tena. Nimepokea nikasema niko kwenye handaki. Mji huu hauna handaki.

Kanipa mpaka Jumatatu jioni. Ukurasa wa jarida unashikiliwa wazi.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya mazoezi na mke wangu sebuleni. Yeye ni Profesa. Mimi ni mimi.

"Mwalimu, kuhusu sura ya sita…"

"Sema kijana."

"Nafikiri tamthilia ile ni… kwa namna fulani… ni muunganiko wa…"

"Hata mimi sikuelewi," akasema mke wangu, "na sijapoteza kumbukumbu."

Tukarudia. Safari hii nikasema: Mwalimu, kwenye lile duka ulifanya kazi wewe. Mke wangu akaniangalia kama Profesa anavyoangalia, kidevu juu. Alikuwa hodari mno. Nikashindwa kuendelea, na huyo ni mke wangu amekaa kwenye kochi letu.

Akaniuliza, akiwa ameshavua uprofesa: "Wewe unaogopa kumuumiza, au unaogopa asikuite tena kijana?"

Nimekwenda kunyoosha shuka. Hazikuwa na haja.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika haya chooni kwa Profesa. Mlango nimefunga kwa komeo. Nilikuja na mkoba. Mtu anayekwenda chooni na mkoba! Watadhani nini? Lakini nisipoandika sasa nitakuja kuipamba baadaye, najijua, nitaweka taa.

Haraka.

Nimefika saa tisa. Profesa yuko vizuri leo, kanyoa, kavaa shati la mikono mirefu, anakumbuka kila kitu kuhusu kitabu. Anauliza sura ya nne niliionaje. Ananikosoa Kiswahili. Nukta, nukta. Nikajiambia siku yenyewe ndiyo hii, sema.

"Mwalimu, kuhusu sura ya sita…"

"Tanbihi umejaza?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Nikakohoa. Nikanywa chai. Nimesimama mbele ya wanafunzi miaka yote hii, leo nimekosa sentensi moja yenye kiima na kiarifu.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko. Akaja akavuta kiti, akakaa. Sijawahi kumwona akikaa wakati sisi tunazungumza vitabu, huwa anapita tu na sinia.

"Mzee," akasema, "kwenye hiyo tamthilia yako, sehemu ya tatu umekosea."

Profesa akageuka. Alishangaa, lakini ule mshangao wake wa darasani, wa mtu aliyepata mpinzani hatimaye.

"Nimekosea? Wewe umeisoma?"

"Nimeiona."

"Wapi?"

"Nilikuwepo."

"Haya," akasema Profesa, akaegemea nyuma, vidole vimekutana. "Eleza."

Na Mama akaeleza. Polepole, mikono mapajani. Kwamba mke hakunyamaza. Kwamba mume aliingia na sanduku jipya na zawadi, na mke akamuuliza swali moja tu, na mume akaanza kueleza habari za mitihani. Kwamba hapo ndipo mke alipopaza sauti. Akayasema maneno yenyewe. Sitayaandika. Ameyahifadhi yote, hayajapungua, hayajachakaa. Pasi ikaruka. Mlango ukatoboka. Majirani.

Profesa alisikiliza sana. Nilimtazama usoni nitafute kitu. Hakuna. Ni mhakiki aliye kazini.

"Inavutia," akasema. "Lakini huyo mke wako ana hasira mno. Mwandishi hakumkusudia hivyo."

"Mwandishi hakuwepo," akasema Mama.

"Haa!" Profesa akapiga goti. "Kijana, umesikia? Mwandishi hakuwepo! Hiyo ni hoja. Andika hiyo."

Nikaandika. Mkono wangu ukaandika.

Halafu akakunja uso. Akasema kuna jambo limekuwa likimsumbua katika tamthilia ile. Kila mtu ndani yake anaitwa Mume, Mke, Mwenye Duka. Lakini yule mtoto ni mtoto, hawezi kuwa Mtoto tu. Lazima ana jina. Kwa nini yeye halikumbuki? Hakuna mahali linatajwa?

Mama akalitaja.

Jina fupi tu. Profesa akalirudia. Akalirudia tena, taratibu, kama mtu anayejaribu kama kiti kitambeba. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye kifundo cha ule wa kulia, ukalifunika kovu, ukakaa hapo. Sidhani kama alijua. Mimi nilijua. Mama alijua.

Tukakaa. Na sasa niseme mimi bingwa wa ukimya: sikuutambua ule ni wa aina gani. Sijui ulikuwa na maana gani. Sijui kama ulikuwa na maana.

Simu ikaanza kutetemeka mezani. Mhariri. Ikazunguka kama mende aliyepinduka. Hakuna aliyeigusa.

Profesa akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia darasani: "Na baada ya pasi kurushwa. Baada ya majirani kuondoka. Mume anasema nini?"

Mama akasema: "Sikumbuki kama alisema kitu."

"Hapana, lazima anasema. Haiwezi kuishia hapo." Akanigeukia. Macho yake yamejaa maji na hajui kwa nini, anapangusa kama mtu mwenye mafua. "Kijana, wewe ndiye mtaalamu. Umeisoma juzi tu. Mume anasema nini?"

Na Mama naye akanigeukia. Si kwa kunisaidia. Anataka kujua. Amengoja kujua tangu kabla mimi sijajifunza kusoma.

Nikasema naomba niende chooni.

Ndivyo nilivyofika hapa. Kuna ndoo, kuna sabuni ya kipande, kuna kioo ambacho sikitazami. Simu inatetemeka tena huko mezani, naisikia. Mhariri anangoja mtunzi, mwaka, mchapishaji. Wale wawili wanangoja mstari mmoja. Naweza kuutunga. Mungu wangu, naweza kutunga mzuri sana, wenye pumzi katikati! Naweza pia kumwambia: Mwalimu, mume ni wewe, sema mwenyewe. Na akisema? Na akikosa la kusema, mbele ya Mama?

Hatua kwenye korido. Kandambili za Mama.

Anagonga, mara moja, kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, uko salama? Toka basi. Mzee amesimama. Anasema usijisumbue tena kutafuta, yeye amekumbuka. Anataka kusema, na hataki kusema mpaka na wewe uwepo."